Nimemaliza jiografia, QGIS naijua kiasi. Mlango wa mipango miji na miundombinu uko wapi?

Kijana_wa_Ilomba (Jumanne, saa 2:10 usiku)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimemaliza shahada ya jiografia na mazingira mwaka 2023. Nipo Mbeya, Ilomba, kwa mama yangu mdogo. Namsaidia duka la vifaa vya ujenzi huku natuma maombi ya kazi. Chuoni GIS, yaani kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta, tulisoma mihula miwili: wa kwanza nadharia tupu, wa pili kompyuta sita kwa watu sabini. Ikabidi nijifundishe QGIS, programu ya bure ya GIS, mwenyewe usiku, kwenye laptop ya RAM 4GB ambayo nikifungua picha ya satelaiti inanguruma kama mashine ya kusaga.

Kila ninayekutana naye ananiambia GIS ina soko. Soko lenyewe silioni. Matangazo ya ajira yanataka afisa mipango miji, mpima ardhi, mhandisi ujenzi, mhandisi maji. Sijawahi kuona "anatakiwa mtu wa jiografia anayejua ramani". Sasa kuna kituo cha mafunzo kimenipigia hesabu: laki nane, wiki mbili, unaondoka na cheti cha ArcGIS, programu ya GIS ya kulipia, na eti waajiri wanaangalia hicho tu. Mama mdogo yuko tayari kunikopesha. Hapo ndipo usingizi unaponikatika, maana mahesabu ya duka lile nayajua mimi.

Nilipe? Nirudi chuo nikaanze mipango miji upya? Au hii GIS ni ya walioko ndani ya ofisi tayari, sisi wa nje tunachungulia dirishani? Uzoefu wangu wa kazi ni mmoja tu, nilikuwa karani wa sensa Agosti 2022.

Nawasilisha.

Ngosha_wa_Mjini (Jumanne, saa 2:31 usiku)

Mkuu soko lipo, ila ni kama Kariakoo: ukiingia bila mwenyeji unauziwa boksi lenye tofali. Tafuta mtu ndani ya halmashauri. Mengine stori tu.

Mama_Bikoni (Jumanne, saa 4:05 usiku)

Ngosha umenichekesha, lakini usimkatishe tamaa mtoto wa watu.

Kijana, laki nane ya mama mdogo irudi dukani ikanunue saruji. Hilo limekwisha, tuendelee.

Mimi nimesoma mipango miji. Nimefanya urasimishaji wa makazi miaka minne kwenye kampuni ya washauri, na sasa niko mamlaka ya maji ya mkoa mmoja ambao sitautaja kwa sababu bosi wangu naye anasoma humu. Barua yangu ya ajira haina neno GIS. Ofisini tupo watatu tunaoshinda kwenye ramani, na vyeo vyetu ni afisa mipango, fundi sanifu na mhasibu. Ndiyo, mhasibu. Nitamrudia.

Kwa nini huoni tangazo? Kwa sababu meneja wangu hajawahi hata siku moja kuniambia "nitengenezee ramani". Ananiambia: "Bomba la inchi nane likipasuka pale njia panda, wateja wangapi watakosa maji, na valvu ya kulifunga iko wapi?" Mhandisi wa barabara naye analeta mstari wake wa barabara mpya, anauliza zinaguswa nyumba ngapi, makaburi mangapi, nguzo ngapi za umeme. Usogeze mstari ule mita tano tu, hesabu ya fidia inabadilika, na kuna familia inaamka ina alama ya X nyekundu ukutani au inaamka salama. Anayejibu maswali hayo analipwa. Kwenye karatasi ataitwa mhandisi, mpima, afisa mipango, chochote kile. Ukisubiri tangazo lenye neno GIS utazeekea dukani.

Nikuambie nilivyoanza, maana ndipo nilipopata akili.

Mwaka 2015 nilikuwa mwaka wa tatu Ardhi, ikaja Ramani Huria. Kwa wasioijua: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tuliingia kwenye kata zinazofurika, pamoja na wakazi wenyewe, tukachora nyumba, vichochoro, mifereji, vyoo, mabomba. Vyote vikaingia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na hadi leo unavipakua bure ukiwa hapo hapo Ilomba. Mimi nilipangiwa Tandale, ambako kulishaanza kuchorwa tangu 2011.

Siku ya pili nilikwenda na raba nyeupe. Nicheke tu, nimeshajicheka sana. Mjumbe, mama wa makamo, akazitazama zile raba, akanishika mkono akanipeleka hadi ukutani kwa jirani yake. Kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenifika kifuani. "Hapa ndipo maji yalipofika," akasema. "Na ile ya bati jekundu pale, hayakugusa hata kizingiti." Nyumba moja hadi nyingine hazifiki hatua ishirini.

Jioni nikarudi chuoni nikafungua modeli ya SRTM, ile ya bure inayoonyesha mwinuko wa ardhi, iliyopimwa kwa rada kutoka angani. Kila kimraba chake kina upana wa mita 30 hivi. Nyumba zote mbili zimo ndani ya kimraba kimoja, zina mwinuko mmoja. Kompyuta inaapa hakuna tofauti, ukuta unanionyesha tofauti ya kifua kizima. Tukarudi tukaenda ukuta kwa ukuta na tepu, tunauliza kila mwenye nyumba maji yalifika wapi, tunaandika. Zilipokuja picha za droni, zile zenye kuonyesha hadi sufuria iliyoanikwa juani, tayari tulijua pa kutazama. Hiyo "kujua pa kuangalia" hakuna kituo cha wiki mbili kitakachokuuzia.

Ya pili ni ya hapa nilipo. Tuna mzee mmoja fundi bomba, amestaafu, tunamwita Babu Valvu. Tulirithi ramani ya mtandao wa mabomba iliyochorwa na washauri, rangi zake zinavutia, imening'inia ukutani kwa meneja. Ikatokea bomba kubwa kupasuka. Ramani inasema valvu iko kushoto mwa barabara ukitoka sokoni. Vijana wakachimba kushoto siku mbili, wakakuta udongo na mzizi wa mwarobaini. Mji hauna maji, redio ya mkoa inatutaja kila saa. Akaitwa Babu. Alifika kwa bodaboda na kipande cha nondo mkononi, akasimama, akacheka. "Barabara hii ilipanuliwa. Ilipanuliwa upande mmoja tu, huu wenu. Kushoto kwa enzi zile ni katikati kwa sasa."

Akaanzia kwenye pembe ya ukuta wa kanisa, akahesabu hatua zake kwa sauti, akaingia barabarani huku magari yanampigia honi, akagonga lami kwa nondo. Gonga, sogea, gonga. Mahali pamoja mlio ukabadilika. Tukachonga lami. Kifuniko hicho hapo, kimezikwa chini ya matabaka mawili ya lami.

Mshauri aliyechora ile ramani alijua programu kuliko mimi na wewe. Hakujua kwamba barabara ikipanuliwa bomba halihami. Baada ya siku ile niliomba kibali, nikatembea na Babu wiki sita, yeye mbele na nondo, mimi nyuma na kifaa cha GPS na kishikwambi. Kila valvu nikachukua nukta, kipenyo cha bomba, inafungika au imekufa, na picha. Aliniambia pia mambo ambayo sikuwa na safu ya kuyaandikia kwenye jedwali, kama valvu fulani inayofunguka kwa kuzungusha kinyume kwa sababu aliyeifunga alikuwa na haraka ya kwenda kwenye harusi. Nikaongeza safu ya maelezo.

Sasa mhasibu. Dada huyu hawezi kuchora mstari uliopinda. Lakini ndiye mwenye orodha ya wateja na usomaji wa mita. Tulipoziweka mita zake juu ya ramani, aliona kitu ambacho miaka yote hakukiona kwenye Excel: mtaa mmoja, mita ziko mstari mmoja, matumizi yao yanafanana hadi tarakimu ya mwisho, mwezi hadi mwezi. Msomaji alikuwa hafiki. Alikuwa anakaa chini ya mwembe anajaza. Ramani ile ya mhasibu, mbaya kwa sura, vidoti vyekundu tu, ndiyo iliyofanya menejimenti ikubali kununua vifaa nilivyokuwa nimeviomba kwa barua tatu.

Haya, kwako sasa. Wasifu wako umeuandika kinyume. Sensa ya 2022 ulishika kishikwambi, ukatembea na ramani ya eneo la kuhesabia watu, ukakuta nyumba iliyopo kwenye ramani ardhini ni shimo la mchanga, na nyumba iliyopo ardhini haimo kwenye ramani, ukatafuta la kufanya. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, wewe unaitaja mstari wa mwisho kana kwamba uliuza vocha. Ipandishe juu. Andika ulikutana na nini na ulitatuaje.

Pili, chagua kitu kimoja cha miundombinu ukijue hadi harufu yake: barabara, maji, mifereji, umeme, taka, chagua. Uko kwenye duka la vifaa vya ujenzi! Wenzako wanajifunza vipenyo vya mabomba kwenye kitabu, wewe unavibeba begani. Mteja akija kununua bomba la inchi moja na nusu muulize linakwenda wapi.

Tatu, fanya kazi moja ndogo iliyokamilika. Mbeya mvua zinakaribia. Chukua mtaa wako, tembea mifereji yote, kila kalavati (lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara) chukua nukta, kipenyo, limeziba au la, limeziba kwa nini, picha moja. ODK na KoboToolbox, programu za kukusanyia taarifa, zinaingia kwenye simu bila senti. Kabla hujaanza nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukaombe ruhusa na ujieleze, maana kijana anayezunguka na simu anapiga picha nyumba za watu, wanachojua wao ni kwamba kesho linakuja greda.

Programu: baki na QGIS. Ukiajiriwa penye ArcGIS utaihamia ndani ya wiki, vitufe tu vimehama. Muda ulionao upeleke kwenye majedwali: namba za utambulisho zisizojirudia, tahajia moja ya jina la mtaa, tarehe zilizoandikwa kwa namna moja. Robo tatu ya siku yangu ni kusafisha uchafu wa watu wengine. Baadaye ingia PostGIS (kanzidata ya ramani) na Python (lugha ya kuandikia programu) kidogo. RAM 4GB inatosha, acha tu kufungua picha nzito.

Kurudi chuo sikushauri leo. Ukipata kazi na ukaona cheti ndicho kinachokuziba, rudi ukiwa na mshahara.

Mpima_Mstaafu (Jumatano, saa 12:40 asubuhi)

Mama Bikoni amesema vizuri. Naongeza onyo moja kwa huyu kijana na kwa vijana wote wa simu.

Kuchora mfereji kwa simu, chora. Kukosea mita nne kwenye mfereji hakuui mtu. Mpaka wa kiwanja ni habari nyingine. Kuweka bikoni, yaani alama ya mpaka, ni kazi ya mpima mwenye leseni, kwa Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na bikoni inatafutwa kwa sentimita. Nimeitwa kusuluhisha majirani wawili waliokatana panga kwa sababu ya choo. Kijana mmoja aliwapitia wote wawili, kila mmoja kwa siku yake, akawapimia kwa simu na kuwachapia karatasi yenye muhuri wa duka la steshenari. Karatasi ya huyu inameza choo cha yule, na karatasi ya yule inameza jiko la huyu. Vivyo hivyo kwenye mipango miji: kuna bodi ya usajili iliyotungiwa sheria mwaka 2007, mchoro lazima uwe na jina la aliyesajiliwa. Fanya kazi chini ya mwenye sahihi. Si aibu. Mimi nilibeba ngazi na mkoba wa mpima miaka mitatu kabla sijaruhusiwa kugusa mashine.

Jirani_wa_Kaunti (Jumatano, saa 4:15 asubuhi)

Hamjambo nyote. Mimi niko Kenya, idara ya mipango kwenye kaunti moja ya magharibi. Huku kwetu GIS imetajwa kwa jina kwenye sheria: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 110, inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya nafasi uliojengwa juu ya kanzidata ya GIS. Kwa hivyo nafasi zenye jina hilo zipo, na zinatangazwa.

Lakini ngojeni niwaambie. Kaunti moja ninayoijua ilifungua maabara ya GIS kwa utepe na chai na picha za gazeti. Mashine kubwa, plota ya kuchapa ramani yenye upana wa mlango. Mwaka wa pili leseni ya programu haikulipiwa. Plota ikakauka wino, zile mashine zikawa za kuchapa barua na kuangalia mpira. Vijana waliobaki na kazi ya maana ni wawili waliokuwa wanajua QGIS, kwa sababu hawakuhitaji kungoja bajeti. Hilo la laki nane namuunga mkono mama hapo juu kwa mikono miwili.

Kitu kingine, jifunze kuandika nusu ukurasa. Mwakilishi wa wadi hatasoma ramani yako ya leya (matabaka) kumi na nne. Anataka kujua barabara inapita kwake au haipiti.

Kijana_wa_Ilomba (Jumapili, saa 1:20 usiku)

Wakuu asanteni sana. Mama mdogo nimemsomea, kafurahi hadi kaniongezea nyama. Laki nane imenunua saruji kweli.

Nimeanza. Mwenyekiti wa mtaa kanipa ruhusa na kanipa mjumbe wa kutembea naye. Mpaka leo nina makalavati kumi na saba. Nimekwama hapa: kuna mtu ofisi fulani kanipa mchoro wa mipango miji wa eneo letu, faili la DXF kutoka AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kihandisi. Nimeuweka QGIS, na kwenye mfumo wa koodineti nikachagua WGS 84, UTM zoni ya 36 kusini. Unakaa Mbeya, sura ya mitaa naitambua, lakini wote umepanda kaskazini na kuvutwa kidogo magharibi ukilinganisha na picha ya satelaiti. Nimepima, ni kama mita mia tatu. Makalavati yangu yote yanaangukia vyumbani kwa watu. Nimejaribu kuusukuma kwa mkono hadi barabara zikutane, lakini najisikia kama naiba. Simu yangu mbovu au mchoro mbovu?

Mama_Bikoni (Jumapili, saa 3:50 usiku)

Unajisikia kuiba kwa sababu unaiba. Rudisha mchoro ulipokuwa.

Simu nzima, mchoro mzima. Umekutana na Arc 1960, karibu kwenye ukoo. Ramani za zamani za nchi hii na michoro mingi ya upimaji imejengwa juu ya mfumo huo wa rejea. Simu yako na picha za mtandaoni ziko WGS 84. Mifumo miwili haikubaliani kitovu cha dunia kiko wapi, kwa hiyo namba zile zile za koodineti zinaangukia sehemu mbili. Huku kwetu tofauti ni kama mita mia tatu kaskazini na kusini, na chini ya mia moja mashariki na magharibi. Ukiona kitu kimepanda mia tatu hivi, usiulize, ni huyo.

Na faili la DXF kwa kawaida halibebi habari ya mfumo wake. Lilikuja bila kitambulisho, wewe ukalibandika kitambulisho cha mtu mwingine.

Fanya hivi. Leya ya mchoro iambie ukweli: mfumo wake ni Arc 1960, UTM 36 kusini, namba yake ya EPSG (orodha ya namba za mifumo ya koodineti) ni 21036. Wewe uliweka 32736. Utaona mchoro unaruka wenyewe unakaa mahali pake. Kisha ihifadhi upya kama faili jipya, na hapo ndipo uchague 32736. Hizo ni hatua mbili tofauti na watu wazima wenye mishahara wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni kumwita mtu kwa jina lake, ya pili ni kumhamisha nyumba. Ukimbadilisha jina tu ukidhani umemhamisha, utamtafuta usimpate.

Zoni nayo uwe nayo macho. Mbeya ni 36, Dar ni 37, mpaka ni longitudo 36 mashariki. Dodoma mjini ni 36, lakini ukienda Kongwa umeshaingia 37, na waliosomea Dar huweka 37 kila mahali kwa mazoea.

Usione aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipeleka mchoro wa mifereji wenye kosa hilo hilo kwenye kikao cha wadau. Mfereji mkuu ulipita katikati ya msikiti, ukatokea kibla. Imamu alikuwa amekaa safu ya mbele. Aliniuliza kwa upole sana tutaswalia wapi.

Baada ya kurekebisha, usiniamini mimi wala usiiamini kompyuta. Chukua vitu vitatu usivyoweza kuvikosea, pembe ya shule, makutano ya barabara, daraja, vilivyo mbali mbali. Vikikaa vyote vitatu, endelea. Vikikaa viwili kimoja kikagoma, mchoro wenyewe una kasoro, niambie.

Ngosha_wa_Mjini (Jumapili, saa 4:02 usiku)

Kibla nimecheka hadi jirani kagonga ukuta. Nafuta kauli yangu ya boksi la tofali. Nusu yake.

Kijana_wa_Ilomba (wiki tano baadaye, Alhamisi, saa 11:15 jioni)

Wakuu narudi na mrejesho.

21036 ilikaa. Pembe ya shule, makutano na daraja, vyote vitatu. Nilibaki naangalia skrini kama mtu aliyeona mwezi.

Nimemaliza makalavati 43 ya mtaa mzima. Kumi na moja yameziba kabisa, na tisa kati ya hayo yameziba chini ya sehemu moja, kichochoro wanachomwaga maganda ya viazi na mifuko kutoka sokoni. Nimeandika nusu ukurasa kama alivyosema jirani wa Kenya, na ramani moja yenye rangi tatu tu. Mwenyekiti kaibandika ofisini kwake. Wiki iliyopita alikuja fundi sanifu wa barabara kukagua, akaiona ukutani, akauliza nani kachora. Nikaitwa nikiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Kaniomba nifanye mitaa mingine miwili, analipa nauli na chakula kwa siku, mkataba hakuna. Nimekubali. Naanza Jumatatu. Anasema nipeleke jedwali lote, siyo ramani tu.

Mzee wa upimaji, huyo fundi nimemwambia mapema kwamba mipaka ya viwanja siigusi. Akasema vizuri, maana yupo mmoja aliyeigusa.

Mama Bikoni, jedwali nimeliweka hapa kabla sijalipeleka, naomba ulipitie kwa jicho lako.

Mama_Bikoni (Alhamisi, saa 2:30 usiku)

Hongera sana mdogo wangu. Msalimie mama mdogo.

Nimelipitia. Majina ya mitaa ni safi, namba hazijirudii, picha zinafunguka. Namba 8 na namba 31 angalia tena, umeandika kipenyo milimita 60, nadhani ulikusudia sentimita. Namba 22 umeandika "limeziba" lakini picha inaonyesha maji yanatoka.

Halafu hiyo safu ya kipenyo. Ulipima ndani ya kalavati au nje?

Kijana_wa_Ilomba (Alhamisi, saa 2:34 usiku)

Nje.

Mama_Bikoni (Alhamisi, saa 2:35 usiku)

Maji hayapiti nje.

Kijana_wa_Ilomba (Alhamisi, saa 2:41 usiku)

Dukani tunauza tepu ya mita tano. Kesho saa kumi na mbili niko mtaroni.